Majina ya Garissa

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye bunduki walivamia Chuo Kikuu cha Garissa. Waliwaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Ninachokumbuka zaidi ni tangazo la serikali: sura ya mwanamume mmoja, jina lake kamili, na zawadi ya shilingi milioni 20. Jina lile tulilikariri. Waliouawa tuliwajua kwa hesabu: 147, kisha 148.

Wapo Wakenya waliolikataa hilo. Mtandaoni waliandika majina na kuweka picha za marehemu, wakisema 147 si nambari tu. Tarehe 7 Aprili walikesha Uhuru Park kwa mishumaa na misalaba. Siku tatu kabla, mjini Garissa, maiti za washambuliaji zilikuwa zimetembezwa kwenye pikapu, umati ukafurika kuzitazama.

Swali hili ni la kale. Mwaka 356 KK, Herostratus alichoma hekalu la Artemi kule Efeso ili asisahaulike. Wakuu wa mji wakapiga marufuku jina lake. Mwanahistoria Theopompus akaliandika, nasi tunalo hadi leo. Mwaka 2019, baada ya Waislamu 51 kuuawa Christchurch na muuaji kurusha mauaji hayo mbashara, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliliambia bunge kwamba hatalitamka jina lake kamwe.

Nilipoanza tasnifu yangu ya uzamili, nilidhani nami ningenyamaza tu. Lakini mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu, na baba yake alikuwa ameripoti kwamba kijana ametoweka. Nikifuta habari hiyo, ninafuta pia onyo. Na yule aliyetangaziwa zawadi, angesakwaje bila jina?

Basi nimeamua hivi: nitaandika njia aliyopita muuaji, nani alimwona akipotea na nani hakusikiliza. Picha yake ya kujigamba na maneno aliyotaka tuyarudie sitaviweka.

Juzi nilijipima. Jina la yule wa milioni 20 lilinijia papo hapo. La mwanafunzi hata mmoja halikuja. Nimefungua daftari jipya na kuanza kuyanakili, moja baada ya jingine. Nimefika la 31.