Swichi ya Babu

Historia ya umeme wa Bujumbura huandikwa kwa mabwawa: Rwegura mwaka 1986, Ruzizi II mwaka 1989. Mimi naianzia ukutani kwa babu, mtaa wa Rohero, penye swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga. Swichi ya namna hii ilibuniwa na Mmarekani Joel Spira mwaka 1959. Hukata sehemu ya kila wimbi la umeme, na balbu ya zamani, yenye waya mwembamba ndani, hufifia taratibu.

Kisha zikaja balbu za mrija uliosokotwa, za kupunguza matumizi. Babu alinunua nne kwa pensheni yake. Zilipepesa, zikavuma, na mwezi haukuisha zote zikafa. Akamwita muuza duka mwizi mbele ya wateja.

Hakuwa mwizi. Balbu hizo zina saketi ndogo inayotaka wimbi zima. Ikipewa vipande, huungua. Onyo lilikuwa kwenye boksi, kwa Kiingereza, na babu amesoma Kifaransa. Nilipomtafsiria alinyamaza, kisha akaomba viatu vyake. Tulikuta duka limeshapangishwa mtu mwingine.