Ukurasa wa bibi katika daftari la duka

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na ukurasa wake dukani mpaka alipotimiza miaka 74. Kukopa alikopa, tena maisha yake yote, lakini deni liliandikwa kwa jina la mjomba wangu: nusu ya sukari, mama yake, mafuta ya taa, mama yake. Duka lenyewe ni banda la bati kando ya njia ya Wete, na daftari ni lile la skuli lenye jalada gumu, limefungwa kwa uzi wasije watoto wakalichana.

Mwaka 2016 nilirudi Pemba kujifungua mtoto wangu wa kwanza, kama ilivyo desturi, nikalala chumba kimoja na bibi. Ndiyo miezi ile Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza kulipa pensheni jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, ana shamba au hana. Afrika Mashariki yote ilikuwa haijapata kuona serikali ikiwalipa wazee wote hivyo kutoka mfuko wake yenyewe. Bibi alikwisha kuandikwa, kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kimetazamwa na miaka yake imehesabiwa. Ikabaki kungoja.

Kungoja pesa si jambo geni Pemba. Karafuu ndiyo iliyotufunza. Mkarafuu haulipi kila mwezi. Unalipa msimu, na mwaka ukizaa sana, unaofuata mara nyingi huwa mkavu. Katikati ya msimu na msimu watu wanakula nini? Tangu enzi za rupia walikula ahadi. Mwenye duka alitoa mchele, nguo na mafuta, akaandika, na dhamana ilikuwa mti. Kwetu mtu aweza kumiliki mkarafuu bila kumiliki ardhi uliposimama, hivyo mti wenyewe uliwekwa rehani kama mtu anavyoweka bangili. Na kwa kuwa riba ni haramu, ikatumika bei khiyari: unauza shamba kwa sharti la kulikomboa ukipata, kisha unabaki humo humo ukilipa kodi. Kodi hiyo ilikuwa riba iliyovaa kanzu, na kila mtu alijua.

Bei ya karafuu ilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, kodi hazikulipika. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwatuma Bartlett na Last wakachunguze madeni ya wakulima. Mwaka uliofuata zikaja sheria: ardhi ya Mwarabu au Mwafrika isihamishiwe mtu asiye Mwarabu wala Mwafrika bila idhini, na madai yakasimamishwa kwa muda. Vitabu husimulia habari hii kama ugomvi wa Wahindi, Waarabu na Waingereza. Nyumbani kwetu imesimuliwa kwa namna nyengine. Baba yake bibi alikuwa na mikarafuu kidogo, na aliyemkopesha, alipoona dhamana haishikiki tena, alifunga daftari. Hakumnyang'anya mti hata mmoja. Alikataa tu kumpa mchele. Baba mtu akaiuza miti hiyo kwa jirani, mmoja mmoja, kila njaa ilipobisha hodi, mpaka ikaisha.

Kwa hiyo bibi aliingia utu uzima bila mkarafuu. Alikuwa mwokotaji na mchambuaji: karafuu zilizoanguka chini, makonyo, kuanika majamvini, kukimbia kuanua mvua ikitisha, akilipwa kwa pishi. Mtu wa pishi hana dhamana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mnunuzi wa karafuu alibaki serikali peke yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele ukawa wa kugawiwa kwa kipimo na foleni. Hayo bibi hakupenda kuyazungumza. Alisema tu kwamba muhogo ulimlea mama yangu, akanyamaza.

Alichokipenda kueleza ni ufundi wa kungoja, na majuma yale nilimtazama akiufanya. Pesa zake alizifunga katika pindo za kanga mbili: pindo moja ya chakula, nyengine ya sabuni na mazishi. Alikuwa na kibaba cha bati kilichobonyea ubavuni, urithi wa mamake, na mchele wa mapembe ulipimwa humo siku ya Ijumaa tu; siku nyengine ni muhogo au majimbi. Nazi moja ilikwenda siku mbili: nusu ikunwe leo kwa mboga, nusu ifunikwe kifuu, mdomo chini, juu ya kigae chenye majivu. Chai ya mchaichai, sukari kijiko kimoja kwa birika zima. Upatu wa wanawake wa mtaani, shilingi 500 kwa juma, hakuukosa hata juma moja, maana alisema anayekosa upatu wakati wa shida hataaminiwa wakati wa neema. Nilimuuliza kwa nini asiombe apewe zamu ya mbele. Akanijibu kwamba zamu ya mbele wapewe wenye watoto wadogo.

Kisha nikamwona akifanya hesabu ambayo hakuwahi kuifanya: 20,000 kwa siku thelathini ni kama shilingi 660 kwa siku. Aliigawa kwa punje za mahindi juu ya mkeka. Haitoshi, alisema, lakini inakuja bila kupanda mti.

Siku iliyotajwa kwanza ilipita bila malipo, na ya pili pia. Rajabu ilikuwa imekwishaanza, na bibi alikuwa akiiwazia Ramadhani. Pindo ya chakula ikawa tupu. Akanituma dukani niombe robo ya sukari na mche wa sabuni, waandike kwa mjomba kama kawaida. Mwenye duka akauliza, "Bi mkubwa ameandikwa ile pensheni?" Nikamjibu ndiyo. Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la bibi kamili, jina la babake na la babu yake, akalipigia mstari chini. "Mwambie yeye sasa ana tarehe," alisema.

Nilipomfikishia maneno hayo, bibi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Pesa yenyewe alikuwa hajaitia mkononi. Lakini mtu ambaye baba yake alifungiwa daftari amefunguliwa ukurasa, kwa ahadi tu. Mimi naamini hapo ndipo pensheni ilipomfikia, si siku aliyopanga foleni kuipokea.

Alipoipokea, alilipa dukani kwanza, akanunua mchele kibaba kimoja zaidi ya kile cha Ijumaa, na iliyobaki akaitia pindoni. Tangu hapo deni lake lilipanda katikati ya mwezi na kushuka mwishoni, na malipo yalipochelewa mwenye duka aligeuza karatasi tu. Miaka ya baadaye pensheni ilipandishwa hadi shilingi 50,000. Bibi hakuiwahi.

Alifariki mwaka 2021. Makaburini, kabla watu hawajatawanyika, mjomba alisimama akasema kama tusemavyo: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwetu. Jioni mwenye duka alikuja na daftari kwapani, akafungua uzi, akatuonyesha. Shilingi 3,400: sukari, mafuta, sabuni, kiberiti. Mjomba akatoa pesa. Mwenye duka akapiga mstari juu ya hesabu, lakini jina hakulifuta. Pale ukurasani bado lilikuwa limeandikwa vilevile, la bibi, la babake, la babu yake.