Kuchanja, Kupasua, Kukata: Historia ya Kuni na Paa Upande wa Nkowe

Kukiwa na msiba au harusi Nkowe, wilayani Ruangwa, wanaume hupewa kazi yao asubuhi na mapema: kuchanja kuni. Wanawake wanachambua mchele na kupanga masufuria. Pembeni, chini ya mwembe, gogo limelazwa na mtu analigeuzageuza kwa mguu. Hapigi bado. Anautafuta ufa, ule mstari mwembamba uliofunguliwa na jua kwenye ncha ya gogo. Akishauona, shoka linashuka hapohapo, na gogo linaachia kwa mlio ambao waliokaa turubaini wanausikia.

Kuchanja ni neno lenye kazi nyingi. Nesi huchanja mtoto, mganga huchanja chale, na nyuso za baadhi ya wazee wa Kimwera na Kimakonde bado zina nembo walizochanjwa ujanani. Kukata ni jambo jingine. Anayekata huvuka nyuzi za mti na kuzitenganisha apendavyo yeye. Anayechanja kuni huzifuata nyuzi zinakokwenda, na mti ndio unaoamua kama atafika. Historia ya ujenzi katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, kwa jinsi ninavyoisoma mimi, ni historia ya watu kutoka kwenye kuchanja kwenda kwenye kukata.

Tuanze na shoka lenyewe. Shoka la mhunzi wa kienyeji halina tundu la mpini kama lile la dukani. Chuma chake kina mkia mrefu uliochongoka, nao huchomekwa katika tundu lililotobolewa kwa chuma cha moto kwenye kichwa kinene cha mpini. Kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi, kwa hiyo shoka linajikaza lenyewe kazini. La kiwandani hufanya kinyume: mpini ukikauka, kichwa kinalegea na siku moja kinaruka. Lakini bapa la shoka la mhunzi ni jembamba, zuri kwa kuangusha mti na kumenya magome kuliko kutanua gogo nene. Gogo nene hupasuliwa kwa kabari za mti mgumu, zinazopangwa kando ya ufa na kugongwa kwa zamu, moja baada ya nyingine, mpaka gogo lichoke.

Nchi nyingine walikwenda hatua moja mbele. Mafundi wa Ulaya, na baadaye Marekani, walikuwa na bapa refu la chuma lenye mpini uliosimama wima kwenye ncha yake moja, kama herufi L. Makali yake ni butu kwa makusudi, maana hayakati kitu. Bapa huwekwa juu ya kipande cha gogo kilichosimamishwa, hugongwa mgongoni kwa rungu mpaka lizame, kisha fundi huvuta mpini kama wenzo na kuutanua ufa. Ufa ukianza kukimbilia upande mmoja, hukandamiza upande ulio mnene, nao hurudi katikati. Nusu hugawanywa nusu tena, na tena, mpaka vitoke vigae vya mbao vyembamba vya kuezekea. Kigae kilichopasuliwa hivyo kina nyuzi nzima kutoka juu hadi chini, hivyo mvua huteleza juu yake badala ya kuingia kwenye vinyweleo vilivyokatwa na msumeno. Mwandishi wa Kirumi Plinius alisema mji wa Roma uliezekwa kwa vigae vya mbao hadi wakati wa vita na mfalme Pyrrhus, karne ya 3 kabla ya Kristo. Norwei bado yapo makanisa ya mbao ya karne ya 12, kama lile la Borgund, yaliyofunikwa kwa vigae hivyo kama magamba ya samaki.

Kwa nini chombo hiki hakikuota mizizi huku kwetu? Wahunzi hawakukosekana. Jibu liko porini. Misitu ya Lindi kwa sehemu kubwa ni miombo, na nyuzi za miti hiyo hazipandi moja kwa moja. Mti ukikua, nyuzi za tabaka moja huinama upande huu na za tabaka linalofuata huinama upande wa pili, zikasokotana kama ukili. Gongea kabari hapo, ufa utakwenda shubiri mbili kisha utapotea. Mvule nao, pamoja na sifa zake zote, una tabia hiyohiyo. Ongeza mchwa, ambao kibao chembamba cha mti wa kawaida hawakiachi kimalize misimu mingi. Mninga, mkongo na mpingo huwashinda mchwa, lakini nani angeuchana mpingo kuwa vigae? Mti huo mzito kiasi cha kuzama majini umekwenda kwenye vinyago vya Wamakonde na, ng'ambo, kwenye zumari za klarineti.

Mti unaokubali kuchanjwa Afrika Mashariki uko juu milimani: mwangati. Nyuzi zake zimenyooka, unanukia, na mchwa hawaupendi. Ndiyo maana walowezi wa nyanda za juu za Kenya waliezeka nyumba kwa vigae vya mwangati, na nguzo za uzio zikapasuliwa kwa kabari tu bila msumeno. Usambara, Wajerumani waliutaka kwa ajili ya penseli. Kabla ya vita ya 1914, kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikishusha mbao kutoka New Hornow, huko Shume, kwa kamba ya waya hadi reli ya Mkumbara. Kusini hatukuwa na mwangati, na nyumba ya Nkowe ikaezekwa kwa nyasi, juu ya fito zilizofungwa kwa kamba za magome ya miombo. Sioni upungufu hapo. Mti uliokataa kutoa kigae ulitoa kamba, na nguzo zilisimama mviringo, hata zikiwa na kibyongo, kwa sababu nyasi hulalia chochote.

Msumeno uliingia na karakana. Wabenediktini walifungua misheni Lukuledi mwaka 1895, Nyangao 1896 na Ndanda 1906, na makanisa na shule zao zilihitaji milango, madawati na kenchi. Gogo lilipandishwa juu ya shimo, mtu mmoja juu, mwenzake chini akila vumbi la mbao, na msumeno mrefu ukapanda na kushuka kati yao. Hapo mti haukuulizwa tena nyuzi zake zinakwenda wapi.

Kisha ikaja karanga. Mpango wa Waingereza wa mwaka 1947 uliifanya Nachingwea kuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mawili yalifungwa mnyororo mkubwa katikati na kuburuzwa sambamba, na miombo ikalala ekari kwa ekari. Miti iliyong'olewa ilisukumwa katika safu na kuchomwa moto. Mpango ulitupwa Januari 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikang'olewa katika miaka ya 1960. Nikifikiria zile safu za magogo naumia zaidi kwa kuni kuliko kwa karanga. Miaka hiyohiyo, juu ya uwanda wa Rondo, kampuni ya Steel Brothers ilikuwa ikivuna mivule kwa ajili ya viwanda vya mbao.

Lakini kilichobadilisha mkono wa mwanakijiji hasa ni bati. Fedha za korosho zilipoingia, nyasi zilishuka na mabati yakapanda, na bati halivumilii nguzo yenye kibyongo. Linataka kenchi zilizonyooka na papi za vipimo sawa, vinginevyo misumari inapishana na maji yanaingia. Kwa hiyo kila nyumba ya bati ikawa mteja wa msumeno, na leo mbao nyingi za paa ni za paini, zikiletwa na malori kutoka Mafinga, zimetiwa dawa ya wadudu. Ni paa nzuri na watu wameitolea jasho. Fundi wake tu hana haja ya kuujua mti.

Ujuzi wa kuchanja umebaki mahali pawili. Kwanza ni jikoni, ambako moto wa mafiga haushiki gogo bila vibanzi. Pili ni kwa msusi wa matenga, na huyo ndiye ninayempenda zaidi. Anasimamisha mwanzi, anaweka panga katikati ya ncha yake na kuligonga mgongoni kwa kipande cha mti. Panga likizama, halikati tena: analizungusha kidogo, mwanzi unalia, ufa unakimbia pingili hadi pingili. Ukianza kwenda upande, anaukandamiza upande mnene kwa goti. Nusu anaigawa nusu, na nusu hiyo tena, mpaka upapi uwe mwembamba wa kupindika bila kuvunjika, tayari kufumwa tenga la kubebea kuku.