Mti wa ghaf na njaa tusiyoiandika

Ndugu zangu, nilipohamia Oman nilidhani mboga za mwitu nimeziacha kwetu Unguja, pamoja na mnavu. Kumbe wapi! Bibi mmoja jirani yetu, Mbedui wa Sharqiya, alininyooshea kidole mti wa ghaf ulio nje ya ukuta akasema, "Huu, mwanangu, tumeula." Nikadhani ananitania. Mie niliowaona wakiula ni mbuzi na ngamia.

Akanieleza. Huchumwa majani machanga tu, yakakatwakatwa, yakatiwa chumvi na ndimu, yakaliwa kwa wali na samaki mkavu. Mwaka wa shida wali haupo, basi ni hayo majani. Mizizi ya ghaf huweza kushuka zaidi ya mita 30, ndiyo maana hubaki kijani wakati kila kitu kimekauka.

Hapo mie mtu wa historia niliona haya. Vitabu vyetu vimejaa maimamu, majahazi na karafuu. Chakula kikitajwa ni tende na papa.

Tazameni ng'ambo ya bahari, jangwa la Thar. Mti ni huo huo, wao wanauita khejri. Maganda yake machanga, sangri, hukaushwa, kisha hurowekwa na kupikwa pamoja na ker, vitunda vya kichaka kingine cha jangwani, kwa mafuta, pilipili na viungo. Siku hizi ni chakula cha harusi. Lakini katika njaa ya Rajputana ya 1868–69 watu walibandua magome yake wakayasaga unga. Na mwaka 1730, kijijini Khejarli karibu na Jodhpur, Wabishnoi (wenyewe wanahesabu 363) waliuawa wakiikumbatia miti hiyo isikatwe kwa ujenzi wa kasri. Wa mwanzo alikuwa mwanamke, Amrita Devi.

Wao wanajivunia, sisi tunaficha. Nadhani sababu ni kwamba baada ya 1970 maisha yalibadilika upesi mno, na chakula cha njaa kikawa aibu. Yule bibi alinikataza nisimtaje jina, ati watu watasema kwao walikuwa mafakiri. Nilipomwomba anitengenezee, alicheka, akaniletea halwa.

Basi wenye wazee wa Sharqiya au Dhahira, waulizeni wangali hai: walichuma mwezi gani, walichanganya na nini, na mwaka gani hasa walikula majani matupu.