Sheria ya Obama

Ukitaja Obama hapa Nairobi, wasee hukumbuka Novemba 2008: Kibaki akatangaza siku ya mapumziko na Kogelo ikakesha ikicheza. Ukimtaja kule Kivu, mchimbaji anaweza kukumbuka njaa.

Tarehe 21 Julai 2010 Obama alitia saini sheria ya Dodd-Frank, ya kudhibiti mabenki. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 1502, ambacho hakikuhusu benki hata kidogo. Kiliyataka makampuni ya soko la hisa la Marekani yaeleze kama bati, tantalamu, tangsteni au dhahabu yanayotumia inatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Nia ilikuwa safi. Waasi, na hata wanajeshi wa serikali, walikuwa wakijilipa migodini. Na hiyo tantalamu, inayotoka kwenye koltani, si ndiyo iko kwenye simu unayosomea hapa?

Sasa angalia. Sheria haikumkataza mtu kununua. Lakini kampuni ilijiuliza: ya nini nihangaike kuchunguza kila gunia la Kivu, na kuna kwingine kwa kununua? Wengi wakajitoa tu. Septemba hiyohiyo Rais Joseph Kabila akafunga migodi ya Kivu mbili na Maniema. Alipoifungua Machi 2011, wanunuzi wengi hawakurudi. Wachimbaji wakaibatiza "sheria ya Obama". Karo na pesa za hospitali zikawa shida. Wengine wakahamia dhahabu, ambayo ni rahisi kuficha, na wenye bunduki wakaifuata hukohuko.

Dawa iliyoletwa ilikuwa lebo: kila gunia lifungwe nambari, ijulikane limetoka shimo gani. Lakini lebo hufungwa na mtu, na mtu hununulika. Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, ngome ya koltani. Mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuwa angalau tani 150 zilivushwa kimagendo hadi Rwanda na kuchanganywa na za huko. Zikishachanganywa, nani atazitenganisha?

Sisemi sheria ifutwe. Bunduki zilikuwepo kabla yake. Nasema kuna swali ambalo mwenye sururu alistahili kuulizwa mapema: tukifunga shimo hili, utakula nini? Wangemuuliza kwa Kiswahili, angewajibu.