Maji machafu hupita chini ya udongo: fundisho la kisima cha London

Kipindupindu kinajulikana Kalemie tangu zamani. Wachunguzi wa afya wanauhesabu mji huu, pamoja na Uvira, Bukavu na Goma, kati ya sehemu za mashariki mwa Kongo ambako ugonjwa huo haukatiki: unapungua, kisha unarudi. Watu hutazama ziwa, hutazama vyoo. Lakini maji machafu hupita pia chini ya udongo, na huko jicho halifiki.

Jambo hilo lilionekana wazi London, Uingereza. Mwaka 1854, watu zaidi ya 600 walikufa karibu na barabara ya Broad Street. Daktari John Snow aliona kwamba wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja chenye pampu. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Kisima kilipofunguliwa, hakukuonekana tundu wala ufa, na wengi hawakumwamini Snow.

Mwaka 1855, mchungaji Henry Whitehead aligundua kwamba mtoto mchanga wa nyumba ya jirani aliugua kabla ya wengine. Maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa katika shimo la maji machafu la nyumba hiyo. Mafundi wakachimba. Matofali ya shimo yalikuwa yamelegea, na kutoka hapo hadi kisimani haikufika mita 1.

Leo, miji yenye mabomba ya maji machafu haingoji watu wafe ndipo ichimbe. Inapima mwendo wa maji. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, basi maji hayo yanapaswa kupungua sana. Yakibaki mengi, ni alama kwamba maji ya udongoni yanaingia kwenye nyufa. Na kama yanayoingia upande wa juu wa bomba ni mengi kuliko yanayotokea upande wa chini, mengine yanavuja njiani.

Kalemie, jamaa nyingi zina choo cha shimo, si mabomba hayo. Hata hivyo hatari ni ileile kwa bomba la maji safi: maji yakikatika, bomba lenye ufa linaweza kunyonya uchafu unaolizunguka. Uchunguzi wa Uvira uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya siku ambayo robine zilikauka kabisa, wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa 155% ndani ya siku 12, wakilinganishwa na siku za maji ya kutosha.

Kwa waliokimbia vita na kujenga upya, kanuni za misaada zinasema choo kiwe mbali na kisima angalau mita 30, na chini ya shimo kuwe mita 1.5 juu ya maji ya udongoni. Afadhali kupima kabla ya kushika jembe. Na udongo ukilowa juu ya bomba siku ya jua kali, mkubwa wa avenue aambiwe siku hiyo hiyo.