Waliokwenda Tabora: askari na wapagazi wa vijiji vyetu vya Maniema

Katika inchi yetu majina mawili ya vita yamebaki mdomoni mwa watu: Tabora na Saïo. Kinshasa kuna avenue Tabora na avenue Saïo. Bukavu kuna kambi ya askari inayoitwa Saïo. Umuulize kijana anayepita pale kila siku Saïo ni nini, atakujibu ni kambi, basi. Sisi tunaofundisha historia tunajua kwamba darasani mambo hayo yanaisha kwa mistari miwili ao mitatu: Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba 1916, Saïo ilianguka mwezi wa Julai 1941, halafu somo linaendelea. Lakini katika vijiji vya upande wa Kasongo na Kabambare wazee hawasemi habari ya ushindi. Wanasema tu: «Babu aliendaka Tabora, hakurudi.» Ni juu ya neno hilo tunaandika kurasa hizi.

Kwanza tukumbushe namna vita ilivyofika kwetu. Mwezi wa Agosti 1914 Wadachi waliokuwa wakitawala ngambo ya ziwa Tanganyika walishambulia Lukuga, ni kusema Kalemie ya leo, na mwezi uliofuata wakachukua kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Wabelgiji walikuwa na jeshi lao la koloni, Force Publique, lililoundwa tangu wakati wa Leopold wa Pili. Askari wa jeshi hilo walikuwa watu weusi, maofisa walikuwa wazungu. Kazi ilikuwa ya miaka 7. Kila mwaka machifu walipashwa kutoa hesabu fulani ya vijana, na wazee hawafichi kwamba chifu hakutoa mtoto wake. Alitoa yule asiyekuwa na mjomba mwenye nguvu, ao yule aliyekuwa akisumbua kijijini, ao mtoto wa mtumwa. Tunalisema hili sababu mara nyingi tunasikia hotuba kwamba wazee wetu «walijitoa kwa moyo wote». Wengine ndiyo, walipenda bunduki na kofia nyekundu. Wengi walifungwa kamba.

Mwezi wa Aprili 1916 jenerali Tombeur aliamuru jeshi kuvuka. Kikosi cha kaskazini, chini ya Molitor, kiliingia Kigali mwanzo wa Mei. Kile cha kusini, chini ya Olsen, kiliingia Usumbura mwezi wa Juni, na Kigoma mwisho wa Julai. Kisha vita vikali Lulanguru na Itaga, na Wadachi wakaacha Tabora. Mwaka wa 1917 askari wetu walirudishwa tena vitani, mbali zaidi, mpaka Mahenge. Hayo yote yako ndani ya vitabu.

Jambo ambalo vitabu vinalipita mbiombio ni wapagazi. Wakati ule hakukuwa motokari katika milima ya Kivu, wala barabara. Reli ilifika Kalemie mwaka wa 1915, lakini kutoka pale na kutoka Kindu mpaka kwenye mapigano kila sanduku la risasi, kila mfuko wa unga, kila kipande cha mzinga kilitembea juu ya kichwa cha mtu. Hesabu inayotajwa sana ni ya wapagazi karibu 260,000 kwa vita vizima, wa Kongo na wa inchi zilizotekwa. Askari wenyewe walikuwa kama 15,000. Msomaji afanye hesabu mwenyewe: kwa kila mtu mwenye bunduki, watu zaidi ya kumi na tano wenye mizigo. Maniema ilikuwa kati ya sehemu zilizokamuliwa zaidi, sababu ilikuwa mlangoni mwa njia za kwenda Kivu na ziwa.

Mzigo ulikuwa kilo 25 mpaka 30. Si uzito ndio uliowaua. Mtu wa bonde la Lualaba amezoea joto, analala bila nguo nzito, anakula ndizi, mihogo na samaki. Wakampandisha milima ya Kivu na ya Rwanda, mahali baridi inaingia ndani ya mifupa, wakampa unga asioujua na maharagwe ambayo hakupata wakati wa kuyapika vizuri. Akapata kuhara damu, akapata kichomi. Aliyeanguka njiani, mzigo wake ulipewa mwingine. Kwa hiyo wapagazi waliokufa kwa magonjwa ni wengi kupita askari waliokufa kwa risasi, na hilo hakuna mwanahistoria anayelibisha.

Hapa kuna tofauti kubwa ambayo matokeo yake tunayaona hata leo. Askari alikuwa na matrikule. Akifa, kulikuwa na karatasi mahali fulani, namba inafutwa, pengine habari inamfikia msimamizi wa teritware. Mpagazi mara nyingi aliandikwa tu kama kichwa kimoja kati ya vichwa mia vilivyotoka kwa chifu fulani. Akifa Ruzizi ao Ujiji, hakuna jina la kufuta.

Sasa turudi kijijini, maana kitabu chetu ni cha desturi. Kwetu mtu akifa, kuna maiti, kuna kaburi, kuna matanga. Jamaa wanakaa inje, wanalala chini, wanawake wanalia kwa kutaja jina la marehemu na la baba yake. Waislamu wa Kasongo wanasoma hitima. Siku ya kumaliza matanga ndipo maneno mazito yanasemwa: madeni yake, shamba lake, watoto watakaa na nani, mjane atafanya nini. Matanga si machozi tu, ni kama tribinali ya ukoo. Bila matanga mambo yote yanabaki wazi.

Na yule aliyekwenda Tabora? Maiti haiko, kaburi haliko. Tena kuna jambo lingine linalofanya Maniema iwe tofauti na sehemu nyingine. Tabora na Ujiji hazikuwa mahali pageni kwa wazee wetu. Tangu wakati wa Tippo Tip, watu kutoka kwetu walikuwa wamepelekwa ao wamekwenda kule na misafara, wakazaa, wakajenga; hata leo Ujiji na Kigoma kuna watu wanaojiita Wamanyema. Kwa hiyo mpagazi asiporudi, watu walikuwa na haki ya kufikiri mambo mawili. Labda amekufa. Labda amepata ndugu kule, ameoa, anauza samaki sokoni Ujiji na hana haja tena ya kodi na kiboko cha Bula Matari. Ni nani angethubutu kulia matanga ya mtu aliye hai? Kulia mtu mzima ni kumloga, ndivyo wazee walivyosema.

Wakangoja. Mke alikaa si mjane, si mwenye bwana. Akiolewa na mwingine, ukoo wa bwana wa kwanza ulidai mahari yake. Akikataa, watoto walikua bila baba wa kuwatetea mbele ya chifu. Mashamba mengine yaligombaniwa mpaka kwa wajukuu, na tukichunguza vizuri mwanzo wa ugomvi, mara nyingine tunakuta mpagazi wa 1916 ambaye matanga yake hayakufanywa.

Upande mwingine, wakubwa walijigawia matunda. Tombeur alifanywa baron, na jina lake likaongezwa: Tombeur de Tabora. Sanamu yake iko Brussels. Ubelgiji haikubaki Tabora, bali ilipata Ruanda-Urundi, pia nafasi katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Mwaka wa 1970, pale Schaerbeek, mjini Brussels, walisimamisha jiwe la kukumbuka majeshi ya vita vya Afrika. Hatusemi ni vibaya. Tunasema tu kwamba mtu mmoja alipewa jina la mji, na wale waliobeba masanduku mpaka kwenye mji ule wakapoteza hata majina yao wenyewe.

Juu ya vita vya pili tutasema kifupi, kwani waliokwenda wanajulikana vizuri zaidi. Askari walipita Sudani mpaka Ethiopia, wakachukua Asosa mwezi wa Machi 1941, na mwanzo wa Julai jenerali Gazzera na Waitalia wake wakajitoa Saïo, mji ambao leo unaitwa Dembidolo. Kule pia njaa, beriberi na kuhara viliua pamoja na risasi. Wengine walipelekwa Nigeria na Misri, na hospitali ya jeshi ya Wakongo ilifika mpaka Burma. Waliorudi walileta mablanketi, medali na hadithi. Waliobaki nyumbani walifanya «effort de guerre» kwa mpira na mashamba ya lazima, siku 120 kwa mwaka tangu 1942. Kijijini watu wanaziita zote mbili vita, ile ya bunduki na ile ya mpira.

Tangu miaka kadhaa tunawapa wanafunzi wa darasa la tano kazi moja ya likizo: wamuulize mzee wa ukoo wao ni nani aliyetoka kwao akaenda vitani. Waandike jina lake, la baba yake, la mke wake, nani alimchukua, alibeba bunduki ao mzigo. Wajukuu wa watu wa 1916 ni wazee sana sasa, na kila likizo tunakuta mmoja wa kuulizwa amekufa. Wazee fulani walituogopa, walifikiri serikali inataka kuwalipa ao kuwatoza. Wengine walicheka: karatasi hii inaleta nini? Lakini familia moja, baada ya kusikia jina la babu yao likisomwa kwa sauti mbele ya watu, iliomba siku ya kufanya matanga, zaidi ya miaka tisini baadaye. Walichinja mbuzi. Hawakuwa na kaburi, basi wakapanda mti nyuma ya nyumba.

Daftari letu lilikuwa na sehemu mbili, waliorudi na waliokufa. Bibi mmoja alitukatalia kabisa kumwandika babu yake kati ya waliokufa. Alisema hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyelia, na ikiwa alizaa Ujiji, watoto wake siku moja watakuja kuuliza kwao. Tulifungua ukurasa wa tatu, tukaandika jina lake peke yake. Baadaye wengine walituomba tuhamishe majina ya wazee wao hapo, na sasa ukurasa huo ndio mrefu kupita yote.